Kimya Anachopewa Fundi Saa

Jumapili, tarehe 9 Machi

Wageni wa uchumba wa mjukuu wetu wameondoka. Siku tatu nimewachekesha bila kuchoka — mimi mzee wa chuma!

Uongo. Siku ya pili tu kichwa kilikuwa kinalia kama debe tupu. Nikajifungia chooni bila haja yoyote. Shemeji akagonga: mzee, unajifungua huko? Sasa nipo kibandani kwangu, komeo ndani. Soli, gundi, sindano ya viatu. Havina maneno. Raha!

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Bado kibandani. Kiatu kimoja tu, nakishona polepole makusudi. Mke wangu kanipitishia chai dirishani kama mahabusu, akauliza watu wananichoshaje na sikuwabeba mgongoni. Nikapokea kikombe. Chaji yangu inapanda, kama ya simu.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Lo! Nimetoka kujinyoosha, namkuta mke wangu uani na fundi saa — jirani yetu, yule aliyefiwa na mkewe. Benchi moja. Wanachambua maharage. Hawasemi!

Nilijificha nyuma ya shuka zilizoanikwa mpaka miguu ikafa ganzi. Hata neno. Na huyu ni mwanamke anayesema hata usingizini! Wangecheka, ningesamehe. Wangenong'ona, ningepata pa kushikia. Lakini kimya? Kimya hicho nimekililia miaka arobaini! Anakipata huyu, mwenye pua kama mshale wa saa mbovu!

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimemuuliza kwa mzaha — mzaha wenye meno — kama fundi saa kameza ulimi. Akajibu huku anapepeta: fundi saa naye wageni wetu walimchosha, akaniomba akae hapa tusisemeshane. Yeye akichoka na watu huja nilipo. Wewe hunifungia mlango.

Hakuongeza chumvi. Na kuongeza anajua!

Nimerudi kibandani. Kimya hakinogi leo. Nasikia hodi uani — ndiye! Benchi limelia.

Nimeondoa komeo. Nimeita mara mbili, hakuna jibu. Naita ya tatu: Mama watoto! Mwezi jana nilikutilia dawa ya macho wiki nzima, ukasema zamu yangu itafika. Jicho la kushoto linawasha. Njoo unitilie. Sisemi kitu, nawe usiseme. Matone mawili tu —