Waachieni Upande wa Bondeni

Mama mpendwa,

Nakuamkia kutoka kwenye baridi hii ya Uingereza. Goti linakusumbua bado? Na mahindi huko Ronge yamezaa? Mimi mwili ni mzima, ila vidole vimepasuka kama vya mchanja kuni.

Najua barua yangu ya mwisho ilikunyima usingizi. Nilikwambia masomo ya uuguzi yamenishinda, sista wa wodi ananifokea mbele ya wagonjwa, na kwamba nitafunga virago nirudi. Kabla hujanitandikia kitanda, sikiza yaliyonipata Jumapili.

Unaukumbuka ule mchezo wetu wa hosteli, uliouita wa mashetani? Mama, wacha hizo! Ni hadithi tu tunayoitunga pamoja mezani. Kila mmoja ana mtu wake humo. Wangu ni mwanamke mwenye mkuki, nami nimempa jina lako, unisamehe. Alan, anayeendesha mchezo, ndiye husema maadui wanafanya nini, na mambo yakiwa magumu hurusha dadu.

Basi tulikutana na majitu pangoni. Wenzangu wakaukomea mlango ili wawaue wote. Majitu wakapigana kama vichaa, mtu wangu akabaki na pumzi ya mwisho. Niliogopa kweli, nikaona jina lako linanifia mkononi. Hapo nikakumbuka siku tuliyowazingira nyani shambani kila upande, wakamrarua mbwa wetu Popi, nawe ukatupigia kelele: "Waachieni upande wa bondeni, nyinyi! Mwataka wapite wapi?"

Nikapiga meza. "Fungueni mlango! Halafu tumpige yule mkubwa wao."

Walinicheka, lakini wakafungua. Mkubwa akaanguka. Alan akaeleza kwamba kila adui ana namba yake ya ujasiri, na mkubwa wao akianguka hupimwa kwa namba hiyo. Angerusha dadu mbili, na jumla ikiipita hiyo namba, wangekimbia. Zikatua sita na tano. Majitu hao, mbio, hata marungu wakayatupa! Tulishangilia mpaka mlinzi akaja kugonga. Sasa wote wanalitaja jina lako, wanalivunjavunja lakini wanalitaja. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Kisha nikamuuliza Alan, "Na mtu wangu je? Mbona yeye hukumrushia dadu ya ujasiri, naye alikuwa anakufa?"

Akasema, "Nyinyi hamrushiwi. Kukimbia au kukaa, mnaamua wenyewe."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Jumatatu nikavaa sare nikaenda wodini. Sista akanifokea kama kawaida yake, nami nikamaliza zamu yangu.

Nisalimie mjomba Mwakio, mwenye duka pale Voi, na shangazi anayeimba kwaya. Mdogo wangu Mkawasi mwambie asome. Na kile kitanda changu akilalie yeye. Mlango wa kutokea huku uko wazi, Mama, naujua ulipo, na sijatoka.

Ni mimi binti yako anayejivunia kuzaliwa nawe,
Wakesho