Kwa Baba Yohana, Mdhamini wa Chumba Chetu

Mpendwa Baba Yohana,

Shikamoo. Najua safari hii hutaitikia, lakini kwako siwezi kuanza na neno jingine. Uliwahi kunirudisha mlangoni na sufuria ya moto mkononi kwa sababu nimeingia bila kukuamkia, na vidole vyangu havijasahau.

Nakuandikia nikiwa kwenye chumba chetu hapa Itigi. Kuna jambo limetokea mazishini kwako, na ni lazima ulisikie kutoka kwangu, maana siri ile tuliibeba wawili.

Unakumbuka ilivyoanza. Ilikuwa miaka ile biashara imekuwa ruksa, na mimi na mwanao Yohana tukapata wazimu wa mitumba kama vijana wote wa mji huu. Tulitaka chumba karibu na stesheni. Mama Zuhura, mwenye nyumba, akasema vijana wa biashara leo wamelala hapa, kesho wamepanda treni, hivyo hatoi chumba bila mzazi wa kudhamini. Wazazi wangu nilikuwa nimeshawazika Mwankoko. Ukaja kutoka Mitundu na kofia yako ile na dumu la asali, ukakaa mbele ya balozi wa nyumba kumi. Alipokuuliza unamdhamini yupi kati ya hawa wawili, ukasema, "Wote. Huyu mwingine nitamwachia nani?" Ukachovya dole gumba kwenye wino. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia mvua, na mvua yenyewe haikuwepo.

Mwaka haukuisha. Yohana akapanda treni ya Dar kufuata mzigo, asirudi. Tuliuliza wakata tiketi, tukauliza wafanyabiashara wenzetu, hakuna aliyekuwa na la kutuambia. Nusu yake ya kodi ikakuangukia wewe. Nilidhani utakuja kunilaumu. Ulikuja na godoro kichwani, ukasema kama ni wewe unayelipa basi ni wewe utakayelala. Ukalala kweli, kwenye kitanda cha mwanao, ukikoroma mpaka jirani akagonga ukuta.

Baba, tuliishi. Ulikuwa na ugomvi na jiko langu la mafuta ya taa, ukidai ugali wake unanuka kibatari. Chai yangu uliiita maji ya kusuuzia vikombe, mpaka uitie asali yako. Treni ya kutoka Dar ikipiga honi, unavaa viatu unakwenda stesheni, unarudi unaniambia tu, "Leo ilikuwa na watu wengi." Sikuwahi kukuuliza zaidi. Na tulipotoka, ufunguo uliuweka juu ya fremu ya mlango, pale pale Yohana alipozoea kuuweka, na ole wangu niuweke mfukoni.

Mkataba ulipokwisha, Mama Zuhura alikuja mwenyewe. Akakuambia umemaliza, hakudai tena, nenda ukapumzike kwa mkeo. Ukamwomba aandike tena jina lako. Akashangaa, unamdhamini nani tena na mwenyewe hayupo? Ukamwonyesha kitanda cha mwanao. Alipoondoka ndipo ukaniambia mimi, huku unaangalia dirisha:

"Mama yako kule Mitundu asijue kama nimemaliza. Deni analielewa. Akijua namsubiri mtoto, naye ataanza kusubiri."

Basi tukanyamaza. Mama Yohana akaendelea kuamini kwamba Mama Zuhura amekukaba koo. Nilipokuja Mitundu alikuwa akininunia mimi kwa niaba ya Itigi nzima. Aliona mbuzi wanatoka, asali inatoka, akasema dhamana hii itakuua. Wewe ulikunywa uji wako. Iliniuma sana kukusikia unasemwa kwa kosa ambalo halikuwepo.

Juzi tumekuzika. Udongo ulipokwisha, mdogo wako akasimama kama ilivyo desturi, akatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, familia imsikie. Watu wakatazamana. Nyuma kabisa akasimama Mama Zuhura, kanga yake imejaa vumbi la safari. Mama Yohana akanishika mkono, kucha zikaniingia. Nilijua anawaza wale mbuzi waliobaki.

Mama Zuhura akasema, "Mimi simdai kitu. Nilishamwachia zamani. Alikuwa analipa kwa kupenda kwake, ili mtoto akirudi akute kitanda."

Nilitamani nizikwe pembeni yako. Mama aliuachia mkono wangu taratibu. Hakulia. Alisimama akilitazama kaburi, kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya chumvi:

"Ufunguo mnauweka wapi?"

Nikamwambia, juu ya mlango.

Jana tumefika naye. Nilimweleza njiani yote uliyoniambia siku ile, kwamba hukutaka yampate haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama tumekaribia. Godoro lako sasa analilalia yeye. Ameshafagia, ameshalitukana jiko langu kama ulivyolitukana wewe, na amemwambia Mama Zuhura aandike jina lake pale lilipokuwa lako. Ulichokiogopa kimetokea, baba, na sikuwa na ubavu wa kukizuia. Nakukosa humu ndani. Hata ule mkoromo wako naukosa.

Treni ya Dar imepiga honi nikiwa katikati ya barua hii. Mama amejifunga kanga, ametoka. Nimebandika chai, asali yako ipo bado, nusu dumu. Akirudi sitamuuliza kitu. Nitamngoja aniambie ilikuwa na watu wengi.

Pumzika, baba. Zamu yako tumeipokea.

Mwanao uliyemdhamini,
Shabani