Uji wa Mwezi wa Mfungo

Alhamisi, 27 Februari

Palizi tangu asubuhi. Mpunga wa bondeni umeshika vizuri, magugu yameshika vizuri zaidi. Mgongo unauma. Mume wangu Athumani anafunga upya ngazi ya dungu, kile kibanda chetu cha juu ya nguzo, anasema mwaka huu mto utapanda mapema na tutalala juu huko shambani. Kila mwaka anasema hivyo.

Jioni kamati ya shule. Mimi ndiye mwenyekiti, na bado wapo wazee wakiingia wanamtafuta mwenyekiti kwa macho. Tulikuwa tuzungumzie choo cha wasichana. Hakikuzungumzwa. Seifu mwenye duka la njia panda, ambaye kila mtu anajua anautaka udiwani, alisimama akasema mwezi mtukufu unaingia, jiko la shule lifungwe mpaka Idi. Haipendezi moshi wa uji kupanda mchana katika kijiji cha Waislamu. Miaka yote jiko hufungwa, akasema. Ni kweli. Wengi wakaitikia.

Mwalimu Tumaini, mwalimu mkuu, mtu wa Mbeya na Mkristo, akasema taratibu kwamba siku hizi shule ina watoto wa wafugaji. Jiko likafungwa hivyo hivyo, bila hata kuhesabu mikono. Nimerudi nyumbani nikiwaza choo.

Jumapili, 2 Machi

Mfungo umeanza, alhamdulillahi. Kiu kali tangu adhuhuri. Futari: mihogo ya nazi, kunde, uji wa pilipili manga. Tarawehe msikiti umefurika, sisi wanawake tumebanana nyuma ya pazia, bega kwa bega, jasho tupu. Furaha ya ajabu. Mwezi huu naupenda kuliko miezi yote.

Jumanne, 4 Machi

Kabula ameanguka darasani.

Ni binti wa Masanja, Msukuma mwenye boma ng'ambo ya bwawa. Yuko darasa la tatu. Mwalimu Tumaini alituma niitwe. Nimemkuta amelazwa kwenye mkeka ofisini, midomo imepauka kama imepakwa unga. Alikula nini jana? Juzi? Akasema wamehamisha ng'ombe mbali kufuata majani, maziwa nyumbani hayapo, na yeye hula uji wa shule. Jana hakuupata akadhani leo utakuwepo. Hakuna aliyemwambia.

Wakati natoka nikamkuta Asha wa darasa la kwanza, mjukuu wa jirani yangu, analia nyuma ya darasa. Nikamuuliza, mwanangu, umefunga? Akasema hapana, ila nyumbani hawapiki mchana. Ana miaka saba.

Nina hasira. Nimefuturu nayo.

Jumatano, 5 Machi

Nilipokuwa msichana Utete, chuo cha Kurani walituimbisha ni nani anayelazimika kufunga. Mwislamu. Baleghe. Mwenye akili timamu. Mwenye uwezo. Tukikosea tunachapwa. Leo nimekaa shambani na jembe mkononi nikairudia yote, mstari kwa mstari. Kabula si Mwislamu. Asha si baleghe. Basi tunamheshimu nani kwa kuwalaza njaa?

Nimekwenda kwa Mama Hadija, mpishi wa shule. Amesema mumewe amemkataza kukanyaga jikoni mwezi huu. Simlaumu. Ana ndoa ya kulinda.

Mahindi yapo stoo. Yalichangwa na wazazi wote, wakulima na wafugaji.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepika mwenyewe.

Nilikwenda baada ya alfajiri, nikawasha moto. Kuni mbichi, moshi machoni. Sufuria ile kubwa nilikuwa siijui uzito wake. Mvuke wa uji usoni na mimi nimefunga, koo limekauka. Nilimwita Kabula aonje sukari. Akaonja, akafikiri, akasema bado. Nikaongeza. Akasema bado tena. Hapo nikamkatalia.

Walikunywa watoto wa wafugaji kwanza, wakitazama huku na huku kama wezi. Halafu wadogo wa darasa la kwanza. Asha alirudia kikombe. Wakubwa wetu waliofunga walikaa barazani wakasoma, hakuna aliyekuja kuomba.

Sikuwahi kufunga siku tamu kama hii. Naandika hivyo hivyo, aonaye ni majivuno aone.

Ijumaa, 7 Machi

Baada ya sala ya Ijumaa Seifu amewakusanya watu nje ya msikiti. Eti mwanamke mmoja anaidharau dini ya kijiji kizima ili awafurahishe wageni. Jina hakulitaja. Hakukuwa na haja.

Athumani aliyasikia hayo mbele za watu. Amerudi, amekaa, tumefuturu. Nilijiandaa kwa ugomvi. Alichosema ni hiki tu:

"Ungeniambia, Zaituni. Ningekupasulia kuni kavu."

Nimelia. Amejifanya haoni.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekuta mafiga yamevunjwa na kuni zimemwagiwa maji. Nimepanga mafiga upya. Kuni za Athumani zilikuwa nyumbani, akaleta kwa baiskeli. Uji umechelewa lakini umeiva.

Njiani wanawake wawili ambao huwa tunakwenda pamoja msibani wamenipita bila salamu. Hilo limeniuma kuliko mafiga.

Mwenyekiti wa kijiji ameitisha mkutano Jumamosi. Ajenda ni mimi. Seifu anataka nivuliwe uenyekiti wa kamati. Mwalimu Tumaini amekuja kuniambia niache, yeye ataomba uhamisho, mambo yatulie. Anasema yeye mgeni na hataki kuwa chanzo cha fitina. Nimemwambia uji unaendelea. Akacheka kidogo. Mama Hadija ameniambia kwamba tangu Alhamisi yule mwalimu hali chakula cha mchana. Sikumwomba, naye hajanieleza.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda kwa Shehe Mtoro, imamu wetu. Mzee sana sasa, sauti imebaki kidogo. Nimemweleza yote. Nimemwambia kama nimekosea mbele ya Mungu aniambie leo, nisingoje kuambiwa na Seifu.

Aliuliza maswali tu. Mtoto alianguka vipi. Mahindi ya nani. Nani anaonja sukari. Nilipomwambia ni Kabula, akatabasamu. Kisha akasema adhuhuri imeingia, akainuka.

Sijui yuko upande gani. Naogopa. Si kuvuliwa uenyekiti, huo wachukue. Naogopa kusimama pale na Shehe aseme nimeiharibu dini.

Jumamosi, 15 Machi

Nataka niandike kila kitu kabla sijasahau.

Mkutano ulikuwa darasa la saba, watu wengine madirishani. Masanja alikuja na wenzake, wakasimama nje na fimbo zao, hawakuingia. Mwenyekiti wa kijiji alifungua kwa dua halafu akampa Seifu nafasi.

Seifu anajua kusema. Alisema kuhusu heshima. Alisema wazee wetu hawakuwahi kuona moshi mchana wa Ramadhani. Alisema leo uji, kesho hoteli, keshokutwa pombe. Watu wakatikisa vichwa. Hata mimi nilikaribia kutikisa.

Nikapewa nafasi. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea. Nikasema tu kwamba mtoto alianguka, kwamba nimefunga tangu siku ya kwanza na nimepika nikiwa nimefunga. Halafu nikamgeukia Seifu.

"Kaka yangu, mimi nimefunga na wewe umefunga. Niambie funga ya nani imevunjika kwa uji wa Kabula. Kama ni yako, nitaacha kesho."

Seifu akatoka kwenye heshima akaingia kwenye ng'ombe. Na hapo ndipo lilipotoka lililokuwa ndani ya vifua vya watu tangu mwanzo. Hawa ndio wanaotumalizia mpunga, akasema. Wanaingiza mifugo mashambani, halafu sisi tuwalishe watoto wao. Darasa likalipuka. Kila mtu na shamba lake, kila mtu na hasara yake. Nje, Masanja aliinamisha kichwa. Nikajua nimeshindwa.

Akasimama Bi Mwanaisha.

Bi Mwanaisha ni mjane, bibi wa Asha, jirani yangu. Mwaka jana ng'ombe waliingia shambani kwake mpunga ukiwa karibu kuvunwa, hawakubakisha kitu. Hakuna mtu kijijini anayewachukia wafugaji kama yeye. Seifu alimwona akasema, haya, mwacheni mama aseme. Alidhani ni wake. Mimi pia nilidhani hivyo.

"Ng'ombe walikula mpunga wangu," akasema. "Kabula hakula. Habari ya ng'ombe nitadaiana na Masanja, ana kwa ana, na sitamsamehe bure. Lakini mjukuu wangu anakula kutoka sufuria moja na yule mtoto. Atakayelizima jiko lile anamzimia Asha wangu. Aje anizimie mimi kwanza."

Akakaa. Mtoto mchanga analia dirishani, basi.

Halafu Shehe Mtoro akaomba asaidiwe kusimama. Alisema kwa sauti ndogo, watu wakasogea kumsikia.

"Funga ni ibada ya aliyefaradhishiwa. Mtoto hakufaradhishiwa. Asiye wa dini yetu hatuwezi kumfungisha. Mimi ninafuturisha watu mwaka hadi mwaka nikitafuta thawabu, na huyu binti amezipata jikoni peke yake mimi nimekaa. Nilipaswa kusema siku ile ile jiko lilipofungwa. Kuanzia Jumatatu msikiti utatoa kuni."

Ameniita binti. Nina wajukuu.

Mwenyekiti akaomba mikono. Wanaotaka jiko lifungwe. Ikainuka michache, mingine ikashuka kabla haijafika juu. Wanaotaka jiko liendelee. Ya rabi! Mikono mpaka madirishani. Mikono ya wale wanawake wawili walioninyima salamu. Mkono wa mume wa Mama Hadija. Mwalimu Tumaini alisahau kwamba yeye si mkazi wa kupiga kura, akainua yote miwili.

Vigelegele. Mimi nilishindwa hata kupiga, nilikuwa nimeshika ukuta.

Uenyekiti wangu hakuna aliyeukumbuka tena. Kuutoa wala kuubakisha.

Jumapili, 16 Machi

Nimelala mchana mpaka alasiri. Athumani amepika futari. Magimbi hayakuiva. Tumekula.

Jumatatu, 17 Machi

Mama Hadija amerudi jikoni. Amenitazama, amechukua mwiko mikononi mwangu, akasema uji wangu wa wiki nzima iliyopita watoto wamemwambia ulikuwa na mabonge. Nimefurahi kutukanwa.

Kuni za msikiti zimekuja kwa mkokoteni. Vijana wanaosoma chuoni kwa Shehe ndio waliosukuma, wote wamefunga, wanaimba kasida. Wamerundika kuni jikoni wakaondoka kwenda darasani. Watoto wa wafugaji hawatazami tena nyuma wakinywa.

Alhamisi, 20 Machi

Seifu ameleta mfuko wa sukari shuleni. Amekuja na mtu wa kumpiga picha kwa simu, yeye na sukari na watoto. Sasa anasema kila mahali kwamba yeye daima alikuwa mtetezi wa lishe ya mtoto. Mwalimu Tumaini aliniuliza kama tuipokee. Nimesema tuipokee, sukari ni sukari. Na nimemshukuru Seifu mbele ya watoto, kwa adabu kamili, na nimefurahia kila neno. Mungu anisamehe kwa hilo la mwisho.

Kuhusu kura yangu ya udiwani, hiyo nitakwenda nayo mwenyewe.

Jumamosi, 22 Machi

Ng'ombe wa Masanja wamerudi karibu. Leo kabla ya magharibi amekuja msikitini na wenzake, madumu ya maziwa kwenye baiskeli. Hawakuingia, waliweka mlangoni, wakamwambia Shehe ni ya futari. Shehe aliwashika mikono akawaambia wakae. Wamekaa. Wamekula tende na tambi pamoja na sisi, nje, kwenye majamvi. Sijawahi kuona hilo tangu wafike bonde hili.

Kubwa zaidi lilitokea asubuhi. Bi Mwanaisha alikuwa amemwita Masanja shambani kwake kama alivyoahidi, ana kwa ana. Athumani na mimi tulikuwa mashahidi. Alimwonyesha mahali ng'ombe walipopita. Alimsema mpaka nikaona aibu kwa niaba ya Masanja. Yule baba alisikiliza yote, kofia mkononi. Mwisho akasema, "Mama, nimekosa. Njia ya ng'ombe nitaizungusha juu kwenye vichaka, na msimu ujao maksai wangu watakulimia shamba lote."

Bi Mwanaisha akasema ataamini akiona. Lakini alimfuata mpaka mpakani, wakapiga vigingi vya alama pamoja. Yeye anashika, Masanja anapigilia.

Ijumaa, 28 Machi

Shule imefungwa kwa likizo. Sufuria imesuguliwa, imefunikwa. Mwalimu Tumaini kaondoka kwenda Mbeya kuwaona watoto wake. Uhamisho hakuomba. Kamati imekutana kwa muda mfupi na hatimaye tumezungumzia choo cha wasichana. Tutachimba baada ya masika. Wazee waliingia wakanisalimu mimi kwanza.

Jumatatu, 31 Machi

Idi.

Tumeswali uwanjani. Mvua ya rasharasha, haikutusumbua. Wajukuu wamekuja kutoka Kibiti wamevaa nguo mpya, wamezitia matope papo hapo. Pilau. Wageni mpaka alasiri, salamu, mikono ya heri. Sasa wameondoka.

Athumani amelala barazani, radio iko kifuani. Nimekaa karibu yake na kikombe cha chai ya tangawizi. Jua bado halijazama, nakunywa taratibu. Mto umeanza kupanda, nausikia kutoka hapa.