Kopo la Udongo wa Rukala

Malaba,
11 Agosti 1968

Dada yangu mpendwa Truphena,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na wote wa boma lako huko Marachi. Natumaini magoti yamepoa na mtama umekauka vizuri. Mimi nguvu zinapungua kila siku, lakini kalamu bado naishika, na leo nataka kukuambia nililokuficha miaka sita juu ya lile kopo la udongo.

Siku hizi nalala mchana. Mabati tuliyong'oa kwetu Rukala bado yana matundu ya misumari ya zamani, na jua likipanda yananimwagia nyota kitandani. Nikizitazama naona tena maji ya mto Nzoia yakiingia uani bila kelele, viti vikielea, na wewe umeinama ukichota udongo wa kaburi la Mama kabla halijazama. Ulinikabidhi kopo ukasema nisilitue chini mpaka tufike makao mapya, Mama asije akabaki peke yake.

Kuhama kulikuwa kugumu kuliko nilivyokuandikia. Mzee Oriokot alikataa kunionyesha mipaka ya shamba hapa Malaba kabla sijalipa nusu ya bei. Nikauza ng'ombe wawili kwa bei ya mbuzi, maana Rukala nzima ilikuwa inauza. Odeke, mwenye lori, alidai shilingi themanini, na alipoona milango, nguzo na mabati akaniuliza kama nahamisha nyumba au misheni nzima. Zilizobaki nilinunulia unga, debe moja, chakula chetu cha mwezi wa kwanza. Wewe, uliyetoka Marachi kuja kutusaidia, ulibaki nyuma na mbuzi kungoja safari ya pili.

Njiani injini ikachemka. Odeke akataka chombo cha kuchotea maji mtoni, akasema kila saa ya kukaa pale ni shilingi tano, na kama sina atashusha mizigo yangu yote. Mke wangu Wilkista akatazama debe la unga, kisha akanitazama mimi. Watoto walikuwa wamelala juu ya magodoro. Nikashuka na kopo, nikaenda nyuma ya lori, nikalimwaga.

Tulipofika nililijaza udongo wa hapa hapa, nikauzika mbele ya watu wote, na mimi, mwalimu wa miaka thelathini, nikaongoza sala juu yake.

Tangu hapo unakuja kila Desemba, unapiga magoti, unamweleza Mama habari za wajukuu. Mwezi uliopita uliandika kwamba ukifa uletwe hapa, ulale kando yake. Kwa hiyo siwezi kuondoka nimenyamaza.

Jana nilimwota Mama. Alikuwa amebeba maji, nguo zake kavu, hana haraka. Nilimwuliza kama amenikasirikia. Yeye akaniuliza kama watoto walikula.

Wilkista na watoto wanakusalimu sana. Ukija, unikute au usinikute, nisamehe. Lakini usiagize uletwe hapa. Lori lilichemka huko huko kwenu Marachi, kwenye mteremko wa kwenda mtoni. Udongo niliumwaga upande wa kulia wa njia, pale unapotua mtungi wako kupumzika. Mama yuko kwako, Truphena.

Kaka yako,
Paulinus