Msumeno wa Dhiraa Moja

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

19 Septemba 1982

Mpendwa mjukuu wangu Isidori, mume wangu mdogo,

Marahaba. Najua umekwisha nisalimia kabla ya kufungua bahasha, na kama hukunisalimia basi nilikulea bure. Mnaendeleaje huko Mahenge? Mke mwenzangu Hyasinta hajambo? Tumbo lake limetulia, au bado linamtapisha? Na dada yako Angelina, kazi yake ya jikoni pale misheni inakwenda? Sisi huku tu wazima. Magoti yananiuma asubuhi, jioni yanaacha. Sukari hakuna. Sabuni juzi tulipanga foleni, nikarudi na mche mmoja na matusi mengi.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumpa mtu aniandikie. Ukiona herufi kubwa kama za ubaoni usicheke. Macho yangu ya karibu yamechoka, lakini kisomo cha watu wazima nilikimaliza na cheti kipo ukutani. Wewe uliyefika darasa la saba umesahau hata kuweka tarehe kwenye barua yako.

Na hiyo barua yako, Isidori, tangu niipate sikai. Nikikaa nainuka. Juzi kwenye meza yangu ya Shimoni, kule chini ya soko, nilimpimia mteja dagaa, nikampa na dagaa na hela yake. Shangazi yako Evarista akanishika mkono. "Mama, una nini leo?" Nikamwambia mimi sina kitu, mwenye kitu ni huyo mwanenu wa Mahenge anayetaka kufa mapema.

Umeandika kurasa mbili za mahindi na mkutano wa kijiji. Halafu mwisho kabisa, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, eti ule mvule wa nyuma umeinamia nyumba, mizizi ya upande mmoja imeanza kuinuka, kwa hiyo nikutafutie msumeno wa mashine, mkubwa kuliko yote, utauangusha peke yako kabla ya mvua, na Hyasinta atakushikia kamba. Nilisoma mara ya pili nikidhani macho yananidanganya. Mwanamke mwenye mimba ya miezi saba ashike kamba ya mvule! Una akili wewe?

Kabla hujaendelea kusoma, fanya hivi. Tokeni kwenye hicho chumba cha upande wa mti. Leo, si kesho. Chukueni mkeka na vyombo mkalale kwa Angelina. Nyumba ya marehemu baba yako naipenda, lakini nyumba ni udongo na fito, tutajenga nyingine. Nyie siwezi kuwajenga.

Haya. Umekwisha hama? Endelea.

Msumeno nimeutafuta Kariakoo nzima, na miguu yangu hii. Mwisho nikaingia mtaa wa Gerezani kwa Chandu, yule mwenye duka la vyuma ambaye mkewe Jyotsna ananunua dagaa kwangu kwa ajili ya paka. Alikuwa nayo mitatu, yote imekwisha tumika. Akanitolea mkubwa kwanza, akaufuta vumbi kama anafuta mtoto.

"Mama, chukua huu. Huu umeangusha misitu."

"Mimi sina msitu, Chandu. Nina mti mmoja na mjukuu mmoja."

"Mti mkubwa unataka msumeno mkubwa."

"Mti unasimama wenyewe, msumeno unabebwa. Na huyo wa kuubeba ana mikono kama miguu ya kuku."

Usikasirike, ndivyo ilivyo. Nikauinua mwenyewe. Kabla sijamaliza Baba Yetu kimoyomoyo mikono ilikuwa inatetemeka, na hapo haujawashwa, haujatiwa mafuta, haujaanza kunguruma. Mtu anayeshika kitu kinachomshinda nguvu hakati mti, anakata alichokiangukia. Nikaurudisha juu ya meza.

Akanipa mdogo. Huo mwepesi, mzuri wa kupogolea michungwa, lakini ule ulimi wa chuma unaozungukwa na mnyororo, mafundi wanauita upanga, ulikuwa mfupi kama kisu cha mkate. Umeniandikia kwamba ukiukumbatia mvule vidole vyako vinakutana kwa shida. Nikamkumbatia Chandu hapohapo dukani ili nipime, watu wakacheka hadi barabarani, naye akawa mwekundu. Jyotsna akapiga kelele kutoka nyuma: "Mpe wa katikati, wewe! Usipompa atalala hapa!"

Wa katikati ndio huo unaokuja. Upanga wake ni dhiraa moja kamili, nimepima kwa mkono wangu, kiwiko mpaka ncha ya kidole. Kwa mti wako unatosha, utakata upande huu na upande ule. Na mvule ukishaisha utakukatia kuni na boriti za jiko miaka na miaka, bila kuhitaji watu wawili wa kuuwasha. Mkubwa wa nini? Uwe pambo?

Nilimwambia Chandu sinunui kitu sijakiona kikila. Akamwita fundi Uwesu wa karakana ya jirani, tukaja wote mpaka uani kwetu na gogo la mwembe nililonunua kwa mwuza kuni. Uwesu alipouwasha, kuku wa jirani yetu Winifrida walipanda juu ya paa na Winifrida mwenyewe akatoka na sabuni usoni. Balozi wa nyumba kumi akafika mbio. "Bibi, mnabomoa nyumba?" Nikamwambia tulia, namnunulia mume wangu zawadi. Gogo likakatika kama muhogo wa kuchemsha. Nikalipa.

Sasa nisikilize, maana nilimsimamisha Uwesu juani nikiyarudia maneno yake mpaka akaapa kwamba sijasahau hata neno.

Utaukuta umefunguliwa, upanga mbali, mnyororo mbali, kwa ajili ya safari. Ukiufunga, meno ya mnyororo ya upande wa juu yatazame mbele, kuelekea ncha. Watu wengi wanaufunga kinyume, halafu wanalalamika msumeno butu. Kaza taratibu. Ukiuvuta mnyororo kwa chini uinuke kidogo na urudi wenyewe, usining'inie kama kamba ya nguo. Lakini ukiuzungusha kwa mkono, umeshika kitambaa, uzunguke bila kugoma. Ukikata kidogo mnyororo utapata moto na kulegea. Zima, ngoja upoe, kaza tena. Usiukaze ukiwa wa moto, ukipoa utajibana na kukatika.

Petroli usimimine hivihivi kama unajaza koroboi. Vikombe ishirini na tano vya petroli, kikombe kimoja cha oili, tikisa kwenye dumu kabla ya kutia. Oili ya kulainisha mnyororo ina tundu lake peke yake, na hiyo ukikosa mpya tumia oili chafu ya gari, lakini uichuje kwa kitambaa cha khanga. Tupa ya kunolea ni ile ya mviringo, nimeifunga ndani ya soksi.

Kuwasha ni chini, siyo mkononi. Weka mashine ardhini, mguu wako ndani ya mshikio wa nyuma, ndipo uvute kamba. Nimewaona hapa vijana wanaonyanyua na kuvuta hewani ili wasichana waone. Wewe una mke tayari, hakuna wa kumwonyesha. Na ile ncha ya upanga isiguse mti, hata kidogo. Ikigusa, mashine inaruka na kukurudia usoni. Uwesu alinionyesha kovu lake, limeanzia kwenye nyusi. Sikulipenda.

Anayeleta mzigo ni baba yako mdogo Pius. Anapanda treni ya reli ya Uhuru mpaka Ifakara, halafu atatafuta lori la kuvuka mto. Mzigo umo ndani ya gunia la dagaa ili wezi wasiushuku, kwa hiyo utanuka, usijali. Petroli tumeimwaga yote. Kibali cha bwana misitu umesema unacho, mwonyeshe Pius kwa macho, asiambiwe tu.

Pius amekaa na magogo Kilombero tangu hujazaliwa. Msikilize. Mti ulioinamia nyumba hauangushwi na msumeno peke yake. Utapunguzwa matawi kwanza, utafungwa kamba nene upande wa pili, na kamba itavutwa na wanaume wa kutosha, wasiokuwa na mimba. Mfyeke majani kwa nyuma mtengeneze njia mbili za kukimbilia. Babu yako alikuwa anazifyeka hata kwa mti wa kuni tu, wenzake wakimcheka.

Najua kinachokuuma, Isidori. Hukukiandika lakini nimekisoma. Wanakuita mtoto wa Kariakoo. Wanasema umezoea kununua kuni za mafungu, hujui mti unavyoanguka. Ndiyo maana unataka msumeno mkubwa, na unataka peke yako, ili asubuhi moja waamke waukute mvule umelala na wewe umesimama juu yake. Mwanangu, wanakusema ukiwa mzima na ukifa watakusema vilevile, ila utakuwa husikii.

Sasa nakuambia jambo ambalo hujawahi kuniuliza. Babu yako Augustino alipasua mbao miaka thelathini, misumeno ya shimoni, yeye juu na mwenzake chini, mavumbi ya mti mpaka kwenye uji. Alikufa kitandani kwake na vidole vyote kumi. Unajua kwa nini? Kila walipoangusha mti alikuwepo mtu mmoja ambaye hashiki shoka, hashiki kamba, hachoti maji, haongei. Kazi yake kutazama juu tu. Aliyeshika msumeno anatazama msumeno, haoni kilele kinafanya nini. Yule anaona. Kilele kikitikisika vibaya, au tawi kavu likikatika huko juu, anapiga ukelele na watu wanakimbia bila kuuliza.

Huyo mtu nilikuwa mimi. Mtoto mgongoni, shingo imepinda. Siku moja kule Mahenge nilipiga ukelele, Augustino akaruka, na tawi nene kama paja likajikita ardhini pale miguu yake ilipokuwa. Akalitazama, akanitazama, akaniambia, "Leo nitapika mimi." Akapika kweli, ugali mbichi, nikala wote. Na mwenzake mmoja, yeye mtazamaji wake alikwenda kuchota maji mara moja tu. Mara moja. Mkewe nilikaa naye matanga.

Ndiyo maana sikai. Nikiwa Shimoni nauona huo mti. Nikiwa kanisani nauona. Namwona Hyasinta ameshika kamba, wewe umeinama, na hakuna anayetazama juu.

Basi usimpigie kelele Pius utakapofungua gunia ukaona tundu la plagi limezibwa na kitambaa. Plagi, ile inayotoa cheche za kuwashia mashine, haijapotea njiani. Nilimwambia Uwesu aifungue, na sasa imo kwenye pindo la khanga yangu, naigusa hapa ninapoandika. Ifakara plagi hakuna, nimeuliza. Uwesu kaniambia ya pikipiki inaweza kuingia, kwa hiyo nimekwisha mwandikia Angelina awaambie watu wa karakana ya misheni wasikupe hata ukilia.

Nimebakiwa na gunia moja na nusu la dagaa. Nikimaliza kuliuza namwachia Evarista meza, napanda treni. Mvua za huko nazijua kuliko redio, hazitafika kabla yangu. Wewe na Pius fyekeni njia, tafuteni kamba, ombeni wanaume wa kijiji, ndiyo, hao hao wanaokucheka, waombeni kwa adabu na Hyasinta awapikie. Mimi niwekeeni kigoda pale mbali ninapouona mti wote. Macho yangu ya karibu yamechoka, nimekwisha kukuambia. Ya mbali hayajachoka. Juzi nimemsomea Winifrida jina la meli bandarini kutoka Magogoni, yeye kijana hakuliona.

Ukiniambia bibi mzee, kaa nyumbani, sitakusikia. Nilimtazamia juu mume wangu wa kwanza akafa na meno yake yote. Nitakutazamia na wewe.

Nisalimie Angelina, mwambie anitafutie mchele wa kule, huu wa hapa una mawe. Nisalimie mke mwenzangu, mwambie asinyanyue ndoo. Shangazi yako anawasalimu, na Winifrida, ambaye kuku wake mmoja hajashuka mpaka leo. Mungu awafunike na mkono wake mahali mlipolala, na kama bado mmelala chumba kile cha upande wa mti, awaamshe sasa hivi mtoke.

Ni mimi bibi yako akupendaye hata unaponikosesha raha, na mwenye plagi,

Benedikta