Shindano ya Kabange

Kazi tatu, 8 septemba 1954

Tena funza. Batoto arobaini na mbili leo asubuhi, mustari moja mpaka ku mulango ya kanisa. Macho, masikio, upele, kisha funza ku miguu. Kwa mutoto moja tu nilitoa kumi na ine. Hakulia. Minyi njo nilitaka kulia.

Siku yangu ya tatu ku hii kazi ya kutunza bagonjwa. Ni ku masomo ya basichana, hapa Kamina, ku misioni. Chumba yangu iko na bitanda ine, kabati moja ya dawa, na primus ya kuchemsha shindano za kupiga bagonjwa dawa. Batoto bananiita Mama Anfirmie. Niko na miaka makumi mbili, sina bwana, sina mutoto. Inanichekesha. Inanipendeza pia, nisidanganye.

Mamere Odette, ule sista muzungu mukubwa ya masomo, aliniambia wazi: miezi tatu ya kunijaribu. Nikikosa, ninarudi Kabongo kulima mihogo na mama. Sitarudi.

Posho, mwisho ya juma, 11 septemba

Nilipika bukari ya unga ya mihogo mapema, nikafua robe nyeupe ya kazi. Mukono iko nauma.

Ku classe ya kwanza iko mapasa, Kyungu na Kabange, miaka saba. Kwetu Baluba mapasa yote inaitwa vile: mwenye kutoka mbele Kyungu, mwenye kufuata Kabange. Robe sawasawa, benchi moja. Mwalimu akipatia moja chaki, anapatia na wa pili, palepale. Mapasa hawapendi kubaguliwa. Minyi nilizaliwa nyuma ya mapasa, ile ninaijua bila kufundishwa. Mama yangu hakununua hata siku moja kikombe kimoja: kila mara bibili.

Kazi moja, 13 septemba

Kyungu mugonjwa sana. Homa arobaini na kidogo. Anapumua mbiombio, pua inafunguka na kufunga. Dokotere alipita saa ine, akasikiliza, akasema ni ugonjwa ya kifua. Penisilini, shindano moja kila siku, siku sita, bila kuruka hata moja. Akiruka, mutoto atakufa. Alisema vile tu, akavaa kofia yake akaenda.

Nilipiga ya kwanza. Kabange alisimama ku mulango muda yote. Akauliza: «Na minyi?» Nikamujibu: weye hauko mugonjwa, rudi ku classe. Njo vile balitufundisha ku lopitali. Nilijisikia mukubwa.

Kazi mbili, 14 septemba

Kitanda ya Kyungu iko tupu.

Asubuhi nilikuwa nimepiga shindano ya pili. Kumbe jana Kabange alitembea peke yake mpaka kwabo, ngambo ya njia ya treni, saa moja na nusu kwa miguu, akamuelezea mama yake yote. Mama alifika saa sita. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Akasema: «Ulimupatia Kyungu, ukamunyima Kabange. Unataka mutoto akasirike, aende?» Kwenda, kwa mapasa, njo kufa. Mwenye kukasirika anaenda, na mwenzake anamufuata.

Nikamuambia dawa iko ya mugonjwa. Akaniangalia kama mutu mwenye hajalelewa. Akamubeba Kyungu ku mugongo, akamushika Kabange mukono, bakatoka.

Mamere alikasirika mbaya. Kesho saa sita, kama mutoto hajarudi, anatuma barua ku Teritware, biro ya serikali, polisi batamutafuta. Polisi bakionekana ku mugini, bantu banakimbia ku pori. Na ile kifua, ku pori, Kyungu hatamaliza siku mbili.

Kosa ni yangu. Si ya mama, si ya Mamere. Ya minyi mwenye kujua na kujifanya sijui, ju ya robe nyeupe.

Mangaribi nilienda ku soko kwa Mzee Saidi, mufanya biashara, mutu ya Maniema, Mwislamu. Nikaomba bikombe bibili. Akauliza: «Ya nani?» Ya mapasa. Akaangalia bikombe, akarudisha kimoja. «Hiki kiko na alama. Ngoja nikupatie chenye kufanana.» Yeye hata si Muluba. Nilisikia haya mpaka ku miguu.

Kazi tatu, 15 septemba

Nilitoka saa kumi na mbili asubuhi na sanduku ya shindano ku kichwa. Bumbi ya njia mpaka ku magoti.

Kyungu alikuwa kwabo, ku mukeka, midomo imekauka. Nilihesabu pumzi: makumi tano na mbili. Nikafungua sanduku. Mama akaweka mukono juu ya sanduku. «Usiniombe minyi. Omba ule.»

Ule njo Kabange, alikuwa ku mulango, amenuna. Nikapiga magoti mbele yake, na robe nyeupe, majirani banaangalia. Nikasema kwa Kiluba: nilikuacha nyuma, sikufanya muzuri, unisamehe. Nikabapatia bikombe, kimoja ku mukono ya huyu, kimoja kando ya mwenzake. Kabange alikigeuza, akaangalia ya Kyungu, akaona iko sawa. Kisha akasema: «Na shindano.»

Nikamupima homa. Nikasikiliza kifua yake. Nikamupanguza na alkoli. Alikubali yote. Kisha: «Na shindano.» Mutoto kichwa nguvu, sijaona mwingine.

Balitukataza kutoboa mutu mwenye hana ugonjwa. Na sikutaka kudanganya mama. Nikamuambia: ya Kyungu iko dawa, ya Kabange itakuwa maji ya chumvi yenye kuchemka, haina nguvu. Akanijibu: «Mwanami, minyi si mujinga. Kunyimwa njo apana.»

Alipaka batoto pemba, ile udongo nyeupe ya baraka, ku paji. Akataka mikono yangu. Nilikuwa nimeshanawa. Nikamuonyesha hapa, karibu na kiwiko, si ku bidole. Akapaka pale pale, mikono yote mibili.

Nikapiga shindano zote mbili. Kyungu alikosa hata nguvu ya kulia. Kabange alilia ya bote babili.

Tulirudi wote. Mama alibeba Kyungu, minyi nikabeba Kabange, sababu hakukubali kutembea mwenzake akibebwa. Iko muzito ile mutoto. Tulifika ku misioni mbele ya saa sita. Mamere alikuwa ku baraza, barua mukononi. Hakuituma.

Kazi ine, 16 septemba

Niliandika yote ku kitabu ya bagonjwa. Kyungu: penisilini. Kabange: maji ya chumvi. Mamere alisoma, akaniita. Kwa nini nilitoboa mutoto muzima? Nikamuelezea. Akasema dokotere ataamua, siku ya Mungu, nyuma ya misa. Ninaogopa. Ninaiona jembe ya Kabongo.

Na mbele ya kupiga shindano ya leo, nilitayarisha mbili. Kabange aliona shindano, akarudi nyuma mpaka ku ukuta. Akasema: «Yangu ninamupatia Kyungu.»

Niliangalia mama yao. Alikaa chini kando ya kitanda na anachambua mboga. Akasema bila kuinua macho: «Akitoa mwenyewe, si kunyimwa.»

Nikakaa ku kitanda tupu. Nilicheka mpaka machozi ikatoka. Homa ya Kyungu leo makumi tatu na nane.

Siku ya Mungu, 19 septemba

Shindano ya sita tulimaliza jana. Homa haiko. Kyungu alikula uji, Kabange akala uji, sahani mbili.

Dokotere alikuya nyuma ya misa. Alisoma kitabu, akauliza kitu moja tu: nilichemsha shindano dakika ngapi? Makumi mbili. Akasema mara ingine Kabange apewe kijiko ya mafuta ya samaki, shindano apana. Akatia sinyatire yake chini ya ukurasa. Mamere alikuya tu jioni kuuliza kama sabuni iko yenye kunitosha, na nikajua sitarudi kulima.

Kazi tano, 24 septemba

Mvua ya kwanza. Bumbi imelala. Batoto kumi na tisa tu leo.

Nyuma ya classe nilimuita Kyungu nimusikilize kwa mara ya mwisho. Nikaweka sikio ku mugongo yake, upande huu, upande ule. Kifua iko safi. Nikamuambia avae robe.

Kabange alikuwa ameshavua yake, anangoja na mugongo wazi. Nikasikiliza na ile, polepole, upande huu, upande ule.