Wa Mwisho Kushuka

La Guaira, 1798

Dada Tamsin,

Mimi mzima, tena nimenenepa. Huku naezeka mapaa ya watu, na wananiita Pedro. Mwambie mama lile jino liling'oka lenyewe.

Mtasikia kwamba tulimuasi nahodha wetu. Ni kweli. Kila tulipopanda mlingotini kukunja tanga, wa mwisho kushuka alikula viboko. Siku ile wawili waliteleza kwa kukimbilia kushuka, wakaanguka, wakafa pale pale. Nahodha akatutazama, akauliza, "Haya, kati ya mliobaki, nani alikuwa wa mwisho?"

Tukamtupa baharini. Mama usimsomee hapo.

Jana fundi mkuu alituita tushuke tukale. Nikaikimbilia ngazi, nikawapita wote, nikatua chini wa kwanza. Wenzangu wakaangua kicheko: "Pedro, tumbo lako lina pepo!" Mwingereza mmoja aliyekuwa akipita hakucheka. Alinisogelea, akaniuliza taratibu kwa lugha yetu, "Kaka, ulikuwa meli gani?"

Nilijifanya sielewi. Lakini niliposikia lugha yetu nilikuwa nimeshageuka.

Leo naondoka kwenda bara, nikatafute kazi isiyo na ngazi. Usinijibu.

Mdogo wako,
Jory